Kabla hujanunua gripu ya bunduki, nunua mkanda kwanza

Ndugu zangu mlioko huku Marekani mnaoanza kuwinda, hili swali nimeulizwa na watu kama wanne tangu msimu uanze, nifunge gripu gani (kile kishikio cha mkono wa mbele) kwenye AR yangu, yaani raifo ya aina ya AR-15, na mkanda upi wa kuibebea, na kila nikiangalia picha mnazonitumia nakuta mtu ameshanunua gripu ya wima ndefu kama mpini wa patasi afu mkanda ni ule wa bure uliokuja na boksi. Mi nilianza hivyohivyo. Niko Texas mwaka wa tisa sasa, natokea Iringa, na tunachowinda zaidi ni nguruwe pori kwenye mashamba ya watu, maana wanafukua mahindi usiku mmoja shamba linabaki kama limepitiwa na trekta, mwenye shamba mwenyewe anakuomba uje. Tangu Septemba 2019 Texas huhitaji hata leseni ya uwindaji kwa nguruwe pori ukiwa kwenye shamba binafsi na mwenyewe amekuruhusu.

Ila kabla ya kuongelea mkanda, hili nalisema kwa uzito kabisa. Kama upo huku kwa viza ya muda, ya masomo, ya kutembea, yoyote ile isiyo ya ukaazi wa kudumu, sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na bunduki au hata risasi isipokuwa uingie kwenye zile nafasi chache zilizoruhusiwa, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye green card anaruhusiwa. Ukiwa na shaka muulize wakili wa uhamiaji kabla hujaishika ya rafiki yako, maana kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani hata kama una watoto wamezaliwa hapa.

Haya, mkanda. Kosa langu la kwanza ulikuwa mkanda wa kushikia sehemu moja, ule unaofungwa nyuma tu karibu na kitako, bunduki inaning'inia kifuani mdomo chini. Muuzaji aliniambia ndo wanaotumia makomandoo, na dukani ukiuvaa umesimama wima unaona raha kweli. Sasa nenda nao porini. Ukitembea haraka bunduki inabembea inakugonga magoti, na AR yangu ikiwa na skopu ya kuona joto na magazini imejaa inakaribia kilo nne na nusu, piga hesabu kilo nne na nusu za chuma zinakugonga goti lilelile kwa kilomita mbili gizani.

Lakini goti si kitu. Usiku mmoja tulikuwa tumeangusha nguruwe jike mkubwa, nikainama kumshika miguu ya nyuma tumvute hadi kwenye gari, na nilivyoinama bunduki ikazunguka yenyewe ikaelekea kwa rafiki yangu, mtu wa Bukavu anayeishi Abilene. Akasimama palepale, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu, bunduki yako inaniangalia magoti." Risasi ilikuwa ndani ya chemba, tayari kupigwa. Sefti, kile kizuizi cha kufyatua, nilikuwa nimeifunga ndiyo, lakini sefti ni kipande cha chuma na chuma kinaharibika. Nilitakiwa nitoe risasi kabla sijainama, hilo kosa ni langu na naliongelea wazi ili wewe usilirudie, ila na ule mkanda haukuwa na namna yoyote ya kuizuia bunduki isizunguke. Sikulala usiku ule. Asubuhi niliukata na kisu nikautupa, sikutaka mtu mwingine auokote autumie.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua mkanda wa kushikia sehemu mbili, mbele na nyuma, wenye kamba ya kuvuta unaurefusha na kuufupisha kwa mkono mmoja bila kuuvua. Hicho kitu cha kuvuta ndo roho ya mkanda wenyewe. Ukitembea unaufupisha bunduki inabana mgongoni au kifuani haichezi, ukitaka kulenga unavuta unalegea bunduki inapanda begani, ukiinama kumvuta mnyama unaubana unausukuma wote mgongoni mikono yote miwili iko huru na mdomo unajua uko wapi. Ipo mingi sokoni, wa Blue Force Gear unaoitwa Vickers ndo ninao mimi mwaka wa sita huu, lakini hata wa bei ya chini ukishonwa vizuri unafaa. Angalia mshono kwenye bizimu, uvute kwa nguvu zako zote ukiwa dukani. Upana wa inchi moja na robo, kama sentimita tatu, unatosha. Ile mipana yenye sponji begani ni mizuri kwa bunduki nzito lakini kwenye koti inakwama ukitaka kuizungusha.

Nailoni au ngozi? Nailoni, kwa hali ya hewa ya huku. Ngozi naipenda kwa moyo kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori kule Ruaha, na ninavyomkumbuka ni bunduki bega la kushoto, mdomo chini, mkono wa kushoto umeshika mbao ya mbele, mkanda wa ngozi umekuwa mweusi kwa jasho lake. Akitaka kulenga ananyanyua ule mkono tu na bunduki imeshafika begani, na mvua haiingii kwenye mtutu. Huku Wamarekani wanabeba hivyohivyo na wanakuita kubeba Kiafrika, niliposikia mara ya kwanza nilifurahi sana. Kwa bunduki ya mbao ya kuwindia paa beba hivyo. Kwa AR haikai vizuri, ule mpini wa chini unakuchoma mbavu.

Mahali pa kufungia napo panaleta shida. Nyuma funga upande wa kushoto wa kitako kama unatumia mkono wa kulia, mbele upande huohuo wa kushoto kwenye hendigadi, lile ganda la kushikia linalozunguka mtutu, lakini usifunge mwisho kabisa karibu na mdomo, kwa sababu mkanda ukigusa gesi bloku, kile kipande cha chuma juu ya mtutu kinachopitisha gesi ya moto, baada ya kupiga magazini nzima unayeyuka, nimeuona wa mtu umenata. Na zile pete za kubonyeza za kutoa haraka, zifunge utepe mweusi wa umeme zisigongane. Nguruwe haoni mbali lakini masikio yake na pua ni balaa, mlio mdogo wa chuma tu kundi zima limetoweka.

Sasa gripu. Hapa nitawaudhi baadhi yenu, wengi wenu hamuihitaji. Kazi yake ni kuupa mkono wa mbele mahali pa kudumu, uweze kuivuta bunduki ibane begani na mkono usiteleze kwenda kwenye sehemu ya moto. Ile ndefu ya wima inafanya hiyo kazi ukiwa umesimama unapiga karibu, lakini sisi karibu risasi zote tunapiga tumeegemeza bunduki kwenye stendi ya miguu mitatu au juu ya geti la shamba, na pale gripu ndefu ndo inagonga stendi, bunduki haikai, unahangaika nguruwe wanaondoka. Mi niliitoa nikaweka kizuizi kidogo cha mkono, kipande cha plastiki cha urefu wa kidole gumba, na sijawahi kutamani kurudi nyuma. Ile ya mshazari nayo ni nzuri kama kiganja chako ni kikubwa.

Kujua uifunge wapi fanya hivi. Bunduki iwe tupu, magazini nje, chemba umeiangalia kwa macho na umepitisha kidole. Fumba macho, inyanyue begani kama unalenga kweli, afu fumbua uone mkono wa mbele umetua wapi. Rudia mara kumi. Bandika kipande cha utepe pale unapotua mara nyingi, nenda kapige risasi hamsini na utepe huo, ndipo ufunge. Angalia pia hendigadi yako ni ya reli ya Picatinny yenye meno au ya matundu ya M-LOK, Magpul waliuleta huo mfumo 2014 na sa hivi bunduki nyingi mpya zinao, gripu ya huku haiingii kule bila adapta.

Na sheria tena, samahani lakini lazima. Kwenye raifo ya kawaida yenye mtutu wa inchi 16 Texas hawana neno. Zile AR fupi zinazohesabika kama bastola, zikiwa chini ya inchi 26 kwa ujumla, ukifunga gripu ya wima ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, wanahesabu umetengeneza silaha nyingine inayotakiwa kusajiliwa kwa sheria ya silaha ya NFA ya 1934, na bila kibali kabla hujafunga ni kosa kubwa, kwa skrubu mbili tu. California na New York gripu ya mbele ni moja ya vitu vinavyoifanya bunduki ihesabike kuwa ya kivita, kwa hiyo aliyeko huko asinifuate mimi.

Ukishafunga vyote vaa mkanda nyumbani na bunduki tupu nusu saa, panda ngazi, piga goti, okota kitu chini, kaa kwenye kiti, ufupishe, urefushe. Kikikukera sebuleni porini kitakukera mara kumi. Skrubu zote weka tone la ile gundi ya bluu ya kuzuia kulegea, chora mstari mwembamba kwa kalamu nyeupe kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye gripu, na kila kabla ya kutoka mulika kwa tochi, mstari ukiwa umekatika usiondoke na bunduki hiyo mpaka uikaze.