Kumite ya Kitabuni: Maswali Yenu Kuhusu Karate na Taekwondo

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19, ninaishi Mpanda. Binamu yangu nami tunapenda sana karate na taekwondo, ila huku kwetu hatujapata dojo wala mwalimu. Tuna vitabu viwili, kimoja cha karate alichotuachia mjomba, kingine cha taekwondo tulichonunua kwa muuza vitabu vya zamani. Mateke na ngumi za msingi tumejifunza kwa kufuata picha. Sasa tumeanza kupambana wenyewe kwa wenyewe, lakini kila mara tunaishia kurushiana ngumi ovyo, na mbinu zilizomo vitabuni hazitokei kabisa. Je, kupambana kunafundishika kwa kitabu? Kama ndiyo, tuanzie wapi?
Msomaji, Mpanda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maneno yako kwamba mbinu za vitabuni hazitokei niliyasoma mara mbili, kwa sababu chanzo cha tatizo lenu kimo humo. Picha huonyesha umbo la pigo: goti lilipo, ngumi ilivyogeuka, bega lilivyotulia. Pambano hutegemea pia umbali ulio kati ya watu wawili, na ule muda mfupi ambao umbali huo unaweza kuvukwa. Katika karate umbali huo huitwa maai, nao hubadilika kila mmoja wenu anaposogeza unyayo, hivyo hauwezi kukaa kwenye ukurasa. Kitabu kitakupa umbo, na kitakupa mpangilio wa masomo. Maai utafundishwa na mwili wa binamu yako.

Kwa hiyo kunafundishika kwa kiasi, na kiasi hicho si kidogo, mradi msiruke kurasa. Wengi wanaojifunza bila mwalimu hukimbilia sura ya mwisho, ile ya jiyu kumite, yaani pambano huru, kwa kuwa ndiyo inayofanana na yale wanayoyaona kwenye mashindano. Nasema haya kwa uchungu, maana nami nilifanya hivyo. Kabla sijapata mwalimu, rafiki yangu na mimi tulikuwa na kitabu kimoja tu, na jioni moja tuliamua kuijaribu picha ya mawashi geri, teke la kuzungusha kutoka ubavuni, ambalo kitabuni lilimfika shavuni mpinzani aliyesimama tuli. Rafiki yangu hakusimama tuli. Alipoona goti langu linanyanyuka alijitupa mbele ili aniwahi kwa ngumi, na teke ambalo lingeishia hewani likamkuta katikati ya safari. Alipoteza jino la mbele akiwa na miaka 16, na pengo lile bado naliona kila anapocheka. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mtu akikujia wakati unarusha pigo, umbali unakatika ghafla na pigo linakuwa zito kuliko ulivyokusudia.

Mpangilio wa kumite, yaani mapambano ya watu wawili, unaofuatwa katika Shotokan, mojawapo ya matawi ya karate, ni huu: gohon kumite, yenye hatua tano; sanbon kumite, yenye hatua tatu; kihon ippon kumite, ya shambulio moja lililotangazwa; jiyu ippon kumite, ambapo shambulio bado linatangazwa lakini wote wawili wanasogea kwa uhuru; na baada ya hizo zote ndipo jiyu kumite. Taekwondo nayo ina ngazi zinazofanana, za hatua tatu, mbili na moja. Ngazi hizi hazikuwekwa ili kujaza kurasa. Karate ambayo Gichin Funakoshi aliitoa Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922 ilikuwa hasa kata, yaani mfuatano wa mapigo na kinga ambao mtu huufanya peke yake, na mazoezi ya watu wawili yalikua polepole hadi Chama cha Karate cha Japani kilipofanya mashindano yake ya kwanza ya taifa mwaka 1957. Masatoshi Nakayama, aliyekuwa mkufunzi mkuu wa chama hicho, alipoandika mfululizo wake wa juzuu 11 zenye picha, aliitengea kumite juzuu mbili tu, ya tatu na ya nne. Nyingine zote zinahusu misingi na kata.

Basi anzeni na gohon. Simameni mkitazamana. Wewe unayeshambulia rudisha mguu wa kulia nyuma, ukae katika zenkutsu dachi, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, kisha tangaza kwa sauti, "Jodan!", maana yake usoni. Songa mbele hatua tano, kila hatua na ngumi yake, mkono na mguu wa upande mmoja vikifika pamoja. Binamu yako anarudi nyuma hatua tano, kila mara akikinga kwa age uke, mkono ukipanda hadi juu ya paji la uso, na baada ya kinga ya tano anajibu kwa gyaku zuki, yaani ngumi ya mkono wa nyuma, akiisimamisha kwenye ngozi ya tumbo lako. Kisha mnabadilishana.

Kuna jambo moja hapa ambalo picha haiwezi kulisema, nalo ni ukweli wa shambulio. Watu wawili wanaopendana, kama ninyi, huoneana huruma bila kujua: ngumi hutupwa pembeni kidogo, au huishia shubiri moja kabla ya kidevu. Anayekinga huona amefaulu, kumbe hata angeshusha mikono yote miwili asingeguswa. Fanyeni jaribio hili, tena polepole kabisa. Mshambuliaji apige hatua moja na ngumi moja, na anayekinga asirudi nyuma wala asikinge. Ngumi inapaswa kusimama penye kidevu, pasibaki hata nafasi ya kupitisha kidole. Ikiishia mbali, umbali wenu wa kuanzia ni wa uongo, na kila kinga mnayojifunza juu yake ni ya uongo. Sogeeni karibu, mpime tena. Jaribio hili lifanyeni kila siku kabla ya mazoezi, kwa wiki nyingi, hadi jicho lijue lenyewe bila kupima. Siku jicho likijua, mtaona mbinu za kitabuni zinaanza kutokea.

Kuhusu mateke, usianze kwa kutazama mguu ulio hewani. Funika sehemu ya juu ya picha kwa kipande cha karatasi, uache wazi unyayo wa mguu unaosimama. Katika picha ya kwanza ya mawashi geri, au ya dollyo chagi kama inavyoitwa katika taekwondo, vidole vya unyayo huo vinaelekea mbele. Katika picha ya mwisho, kisigino ndicho kinachomwelekea mpinzani. Mzunguko wote huo umefanyika kati ya picha na picha, na asiyeugundua huzungusha kiuno huku unyayo umeganda ardhini, likaumia goti. Tafuteni mahali penye udongo ulioshindiliwa na kufagiliwa, unyayo uweze kuzunguka. Shabaha iwe kandambili: binamu yako aishike upande wa kisigino, mkono ukiwa mbali na uso wake, asogee mbele na nyuma apendavyo, nawe upige pale tu inapoingia kwenye umbali wako. Teke lililofika sawasawa utalisikia, maana kandambili italia pa! Lililochelewa litaipapasa tu.

Hapa sasa niwaonye kuhusu vitabu hivyo viwili. Msivichanganye. Kwanza tazameni majina ya mifuatano ya mapigo, ile inayofanana na kata, iliyomo katika kile cha taekwondo. Mkikuta Chon-Ji na Dan-Gun, ni taekwondo ya Jenerali Choi Hong Hi, aliyeanzisha Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo mwaka 1966, na humo ngumi za kichwani zinaruhusiwa kwa udhibiti. Mkikuta Taegeuk, ni ile inayochezwa Olimpiki: ngumi ya usoni ni marufuku, lakini teke la kichwani hupigwa kwa nguvu, kwa sababu wachezaji wamevaa kofia ya kinga na kinga ya kiwiliwili. Karate ya mashindano ya Shirikisho la Karate la Dunia huruhusu ngumi ya usoni ila hutaka izuiwe kabla ya kuumiza. Sasa mfikirie binamu yako aliyefuata kitabu cha Taegeuk, ameshusha mikono kwa kuwa kitabu chake hakina ngumi ya uso, akikutana nawe unayelenga uso. Kisha mfikirie akikurushia teke la kichwa kwa nguvu zote, nawe huna kofia. Kila mmoja anajilinda dhidi ya pigo ambalo mwenzake hapigi, na ameacha wazi palepale mwenzake anapopapiga. Chagueni kimoja, mkae nacho angalau miezi sita.

Mkifika kwenye pambano huru, lianze likiwa limefungwa: mmoja ana pigo moja tu, tuseme ngumi ya mbele ya tumboni, na mwingine ana ruhusa ya kusogea na kukinga, kwa dakika mbili. Uso uje mwisho kabisa, na usije bila kinga za meno. Mwenzako akipigwa kichwani akasema anaona maluweluwe, anahisi kichefuchefu, au akajibu maswali kwa kusitasita, mazoezi yameisha siku hiyo, aende hospitali, na asirudi kwenye mapambano mpaka daktari aseme. Tena mmoja wenu akisafiri kwenda mji wenye dojo, aingie, ajitambulishe kwa adabu, aombe kusahihishwa hata kwa siku moja. Sijawahi kuona mwalimu wa kweli akimfukuza kijana aliyekuja na kitabu mkononi.

SWALI: Asalamu alaikum. Mwanangu ana miaka 12, na amepata kitabu cha karate kwa rafiki yake wa shule. Kila alasiri yeye na watoto wa jirani wanapigana uani wakisema wanafanya kumite. Baba yake anasema nimwache, atakuwa imara. Mimi roho haitulii. Nifanyeje?
Mama, Likoni

JIBU: Waalaikumu salamu, dada yangu. Roho yako ina haki, na baba yake pia hajakosea kumpenda mtoto awe imara, hivyo usikichukue kitabu. Mruhusu afanye misimamo, ngumi za hewani, mateke ya chini na kata hadi achoke. Gohon niliyomweleza kijana wa Mpanda anaweza kuifanya na mwenzake wa kimo na uzito kama wake, lakini shambulio liwe la chudan, yaani tumboni, na mtu mzima awepo anatazama. Pambano huru bila mwalimu, kwa umri huo, likataze moja kwa moja. Mtoto wa miaka 12 hana udhibiti wa kusimamisha ngumi kwenye ngozi, na akishapigwa mbele ya wenzake hasira humfanya asahau kila alichosoma.

Mombasa haikosi vilabu. Nenda mwenyewe ukatazame darasa zima kabla ya kulipa ada. Tazama anavyopangwa mtoto mdogo: akikutanishwa na mkubwa kwenye pambano ili "azoee", ondoka naye. Tazama pia kama mwalimu husimamisha pambano mara tu mtoto anapoguswa usoni, akamwinamia, akamuuliza. Hilo litakuonyesha alivyo kuliko mkanda aliofunga.

SWALI: Mwalimu, nina kitabu cha taekwondo cha miaka ya 1980, kina sura nzima ya mapambano. Kijana wangu anayeshindana chuoni ananiambia kimepitwa na wakati. Ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mateke yaliyomo humo hayajapitwa na wakati, ndugu yangu. Teke la mbele, la ubavu na la kugeuka nyuma yanarushwa leo kwa mwili uleule. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni hubadilisha namna ya kupambana. Wakati kitabu chako kinachapishwa, kila pigo halali lilihesabiwa pointi moja. Leo katika taekwondo ya Olimpiki ngumi ya kiwiliwili ni pointi 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwa 3, na teke la kuzunguka huongezewa 2 juu ya hizo. Tangu London 2012 kinga za kiwiliwili katika Olimpiki zina vihisi vya umeme vinavyosajili teke, ndiyo maana unawaona vijana wakiunyanyua mguu wa mbele na kuuacha hewani, wakigusa na kugusa tena. Kitabu chako kingewauliza wanasubiri nini.

Ukitaka kuona tofauti hiyo, tafuta video ya fainali ya Rio 2016, uzito wa chini ya kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Cote d'Ivoire alikuwa nyuma kwa pointi 6 dhidi ya 4 alipokabiliana na Lutalo Muhammad wa Uingereza, na muda ulikuwa umebaki kama sekunde moja. Akazunguka, teke likafika kichwani. Kwa kanuni za mwaka ule lilikuwa na pointi 4, akashinda 8 kwa 6, na nchi yake ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kwa hesabu ya kitabu chako, teke lilelile lingempa pointi moja, na kama pointi nyingine zingebaki vilevile, angetoka uwanjani ameshindwa 6 kwa 5. Sura ya mateke isome pamoja na kijana wako. Kanuni za mapambano mwambie yeye akuletee za mwaka huu.