Mashamba sita kwa siku moja?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi wa tisa mume wangu ana kikao Cape Town nami nitafuatana naye. Tutapata siku moja tu ya kupumzika, Jumamosi. Amesikia kuna mashamba ya mizabibu karibu na bahari, upande wa Hermanus, na tayari ameandika orodha ya mashamba sita ya kuonja mvinyo. Yeye ni mpenzi wa mvinyo, mimi glasi moja inanitosha. Leseni tunazo sote wawili. Naogopa nitashinda nikimwendesha huku na huku kama teksi. Tufanyeje?
Mke wa Bwana Orodha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo orodha ikunje uitie mkobani mwako, usimrudishie mpaka abakishe mashamba mawili.

Sisemi kwa kukisia. Mimi na mzee wangu tulikwenda huko na orodha ya mashamba matano. La kwanza nalikumbuka mpaka harufu ya mapipa. La pili nalikumbuka kwa sababu ya mbwa aliyelala juu ya viatu vyangu muda wote tuliokaa. La tatu sijui hata lango lake lilikuwa upande gani. La nne tulilikuta limefungwa, na la tano hatukulifikia kwa sababu tulikuwa tumenuniana garini. Vyumba vingi vya kuonjea hufunga saa kumi au kumi na moja jioni, nasi tulijidanganya kwamba vinakesha.

Sasa kuhusu dereva. Sheria ya Afrika Kusini inataka pombe kwenye damu ya dereva isifike gramu 0.05 kwa mililita 100, na vionjo vitano vya shamba moja ukivijumlisha si kidogo. Ipo ndoo ya kutemea pale mezani, na wajuzi wa mvinyo hutema bila haya. Mzee wangu alijaribu, akaichafua shati yake nyeupe, tangu hapo akawa anameza. Kwa hiyo usianze hesabu za nusu glasi. Kodini gari lenye dereva, gharama mgawane. Likiwashinda, wewe shika usukani mchana, lakini asubuhi aendeshe yeye, na asubuhi hiyo iwe yako.

Tokeni mapema. Kutoka Cape Town hadi Hermanus kwa barabara kuu ya N2 ni kama kilomita 120, ila msiende kwa njia hiyo. Mkifika Gordon's Bay shikeni R44, inayopita ukingoni kabisa, mlima kushoto na bahari kulia, hadi Betty's Bay. Hapo, mahali paitwapo Stony Point, wanaishi pengwini, ndege wale wanaotembea kama makarani waliochelewa kazini. Mwache mumeo aendeshe polepole, wewe utazame maji. N2 itawafaa jioni, mkiwa mmechoka.

Mwezi wa tisa mmeotea vizuri. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja, nyangumi huingia ghuba ya Walker Bay kuzaa na kunyonyesha, na pale Hermanus huna haja ya mashua kuwaona. Kuna njia ya miguu juu ya miamba. Kaeni kwenye benchi, msubiri. Mimi nilisubiri karibu saa nzima nikilalamika, mara mgongo mweusi ukainuka karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Zabibu, kwa upande mwingine, hutaziona. Huko huvunwa mapema mwakani. Mwezi wa tisa mizabibu ndiyo kwanza inachipua. Bwana Orodha asije akadai picha za vichala.

Baada ya chakula cha mchana ndipo mpande bonde la Hemel-en-Aarde, maana yake "mbingu na ardhi", kwa barabara ya R320. Liko nyuma tu ya mji. Upepo wa baridi kutoka baharini huingia bondeni na kuzuia joto lisizidi, ndiyo maana wanalima sana Pinot Noir na Chardonnay, aina mbili za zabibu za mvinyo. Pinot Noir ina ganda jembamba na haipendi jua kali. Shamba la Hamilton Russell lilianzishwa mwaka 1975, wakati wengi hawakudhani mvinyo mzuri ungetoka kusini kiasi hicho. Mkitaka kujua kazi ya bahari, chagueni shamba moja chini, karibu na pwani, na jingine juu kabisa bondeni, kisha monje Pinot Noir za pande zote mbili. Hata mimi nisiyejua kitu niliona tofauti, ingawa mzee wangu aliieleza kwa maneno ambayo nina hakika aliyasoma kwenye chupa.

Pigeni simu siku moja kabla mjue kama nafasi ipo. Shamba la kwanza kaeni mpaka mchoke kukaa. La pili, wewe agiza hiyo glasi yako moja ikiwa dereva ni wa kukodi. Kama ni wewe, nunueni chupa mkainywee hotelini.

Na beba sweta nzito, upepo ule hauna adabu. Ukimkuta mbwa wa manjano chumba cha kuonjea, mwache alalie viatu vyako.