Fundi Mzee Ajibu: Baraza tulivunje?

SWALI: Assalaam alaykum. Tumerithi nyumba ya ghorofa moja Malindi, Mji Mkongwe. Ina mlango wa nakshi, baraza la kukalia nje na ua ndani. Lipu ya chini inabanduka na chumvi nyeupe imepanda mpaka kiunoni. Fundi ametushauri tukwangue yote tupige simenti, kisha tuvunje baraza na kuweka kioo kizima ili mbele pawe mgahawa. Ndugu zangu wanasema nyumba kongwe haiingizi pesa. Tufanyeje?
– Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mgahawa fungueni. Simenti ndiyo sitaki kuisikia.

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, unene nusu mita au zaidi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, na chokaa inauachia utoke. Mkiufunika kwa simenti maji yanakosa pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi. Leo chumvi iko kiunoni, masika kadhaa mbele iko kifuani; ikifika darini, ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta na hakuna anayeona, mpaka sakafu ya juu ianze kulegea chini ya miguu.

Kabla ya lipu, pandeni juu mkatazame bati na mifereji ya maji. Nyumba nyingi ninazoitiwa "ukuta mbovu" zinavuja paani. Halafu pigeni lipu ya chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja mkiilowesha isikauke kwa haraka. Juu yake chokaa tena, si rangi ya plastiki.

Kuhusu kioo, tembeeni mtaani mtazame. Maduka ya Kihindi yamejengwa kufunguka mbele yote, kwa milango ya mbao inayokunjwa. Nyumba yenu ni ya namna nyingine: imeufungia mtaa uso na kugeukia uani. Basi wateja waketi uani, kwenye kivuli, na baraza liwe la kahawa jioni. Kioo kitakuleteeni joto na bili ya umeme, tena wageni hawakupanda ndege kuja kuangalia kioo! Wala msibomoe ukuta wa kati kutafuta ukumbi mpana. Vyumba hivyo vina upana wa mita 3 hivi kwa sababu ndiyo urefu wa boriti unaobeba salama. Pangeni meza kwa kipimo hicho.

Ndugu zako wapeleke Mizingani, kwenye jengo la mfanyabiashara Tharia Topan, zahanati ya zamani tunayoiita Ithnasheri. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, likakamilika 1894, baadaye likachakaa vibaya. Miaka ya 1990 shirika la Aga Khan Trust for Culture lililikarabati, roshani zake za mbao zikabaki, ndani mkaingia maduka na ofisi.

Na baraza hamruhusiwi kulivunja kwa hiari yenu. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na mpango wa hifadhi wa 1994. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia 2000. Pigeni picha kila ukuta, mwende nazo kuomba kibali kabla hamjagusa kitu.

Huyo fundi wenu mwulizeni chokaa yake ameiloweka tangu lini. Akisema jana, bado haijaiva: mpeni chai, mshukuruni, mtafute mwingine.