Dopla ya ini lililopandikizwa: "ultrasaundi ya tumbo" haitoshi

Dada wa Bamburi, umeuliza hivi: mamako amerudi kutoka India na ini jipya, daktari wa huko anataka dopla, na hapa umeambiwa ultrasaundi ya kawaida yatosha. Haitoshi. Pole kwa uuguzi, Mola amwafu.

Mimi si daktari. Nilikaa Delhi wiki saba na kakangu, aliyepewa kipande cha ini na mwanawe, na tangu turudi Likoni ni mimi nimpelekaye vipimo.

Ultrasaundi ya kawaida huonyesha ini lilivyo: ukubwa, maji tumboni, mirija ya nyongo kama imefura. Kama damu inatembea au imesimama, hilo ni la dopla. Jina ni la Christian Doppler wa Austria, aliyeieleza kanuni hiyo 1842. Simama Digo Road uisikilize: honi ya matatu inayokuja ni nyembamba, ikishakupita inashuka. Damu nayo ikikijia kifaa, mwangwi wa sauti kinayoituma hurudi tofauti na ikikikimbia.

Kinachoogopwa zaidi ni damu kuganda kwenye ateri ya ini. Mshipa wenyewe mwembamba, umeshonwa na mtu, na mirija ya nyongo ya ini lililopandikizwa haina mlishaji mwingine wa kutegemea. Ukiziba siku za mwanzo, ini laweza kupotea, na mgonjwa asihisi lolote mapema. Ndiyo maana kule mashine ililetwa kitandani kila asubuhi.

Asubuhi ya pili aliyepima alinyamaza. Alirudisha kifaa palepale chini ya mbavu, mara tatu, kisha akamwita mwenzake. Moyo wangu ulikuwa kooni. Kipimo kilisoma 0.86.

Namba hiyo utaiona kwenye ripoti kama RI, yaani kipimo cha jinsi damu inavyokinzwa mshipani. Huchukuliwa kasi ya damu moyo unaposukuma, ikatolewa kasi inayobaki moyo unapopumzika, jibu likagawanywa kwa ile ya kwanza. Ikiwa ni 60 na 18, utapata 0.70. Kwa ateri ya ini, kawaida ni kati ya 0.55 na 0.80. Kumbe siku tatu za mwanzo kupanda juu hutokea sana, na mara nyingi hushuka yenyewe. Kesho yake ilisoma 0.74. Ikishuka chini ya 0.5, na mawimbi yakawa yanapanda polepole kama mtu mvivu, hapo hushukiwa mshipa umebana, na mara nyingi mgonjwa hupelekwa CT ya mishipa. Hawatazami ateri peke yake: huangalia pia mshipa wa pota, unaoleta damu kutoka utumbo, kama unaelekea ini, na veni zinazoitoa kuirudisha moyoni.

Usitishwe na rangi. Shemeji aliona buluu kwenye kioo akaanza kulia, akidhani damu imeharibika. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokijia kifaa, buluu inayokiondokea. Basi.

Sasa Mombasa. Mara ya kwanza tulikwenda kliniki moja kisiwani na barua iliyoandikwa "ultrasaundi ya tumbo". Dakika kumi, tukalipa, tukapewa ukurasa mmoja: ini la ukubwa wa kawaida. Nikaipiga picha nikaituma Delhi kwa WhatsApp. Jibu: "Mishipa iko wapi?" Tukalipa tena kwingine. Hivyo hakikisha barua inasema dopla ya mishipa ya ini lililopandikizwa, na kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize kama yuko anayeijua, kwa sababu mashine yaweza kuwa nayo na mkono wa kuitumia usiwepo.

Mamako asile kama saa sita kabla. Mahamri na mbaazi yangoje, maana gesi ya utumbo huficha mishipa. Lakini kufunga huko si kuacha dawa za kuzuia mwili usilikatae ini. Muulize daktari azinywe saa ngapi, hasa kama siku hiyo atatolewa damu ya kupima kiwango cha dawa.

Na beba ripoti za zamani. Namba ya leo peke yake haisemi mengi. Aliyetupimia safari ya pili aliitandaza ya Delhi kando ya kioo, akawa anatazama huku na huku, na nilipomwomba akafungua sauti. Shwaa, shwaa, shwaa. Kakangu alicheka mpaka akaambiwa atulie, picha inatikisika.

Umeuliza pia kama usubiri tarehe aliyopangiwa. Kipimo cha kawaida, ndiyo. Ila akipata homa, macho yakaingia manjano, au damu ikaonyesha vimeng'enya vya ini vimeruka ghafla, usihesabu siku. Nenda usiku huohuo, na faili mkononi.