Jibu: Chicago Bears na chaguo la 9 (kabla ya drafti ya NFL ya 2024)
Habari mkuu. Kuhusu drafti, ambapo timu za futiboli ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, umeuliza kama Bears wetu wamchukue mkimbizaji wa kwotabeki (mlinzi anayemfukuza kwotabeki, yaani mrusha mpira wa wapinzani) kwa chaguo la 9, halafu mpokeaji (anayedaka pasi) asubiri raundi ya pili. Mimi kila mwaka naanzia kwenye orodha ya machaguo kabla ya kusoma ubashiri wa mtu, na wewe anzia hapo: raundi ya pili hatuna. Ilienda kwa timu ya Washington 2023 tulipomleta Montez Sweat, mkimbizaji wa kwotabeki. Baada ya la 9 tunalala hadi la 75, kisha 122, basi.

La 1, tulilolipata kutoka kwa timu ya Panthers, halina mjadala. Kwotabeki wetu Justin Fields ameshapelekwa Pittsburgh, kwa hiyo tumchukue kwotabeki Caleb Williams.

Kwa la 9 ningemchukua mpokeaji Rome Odunze akibaki. Mpokeaji wetu Keenan Allen anakaribia miaka 32 na mkataba wake unaishia msimu wa 2024. Mwenzake DJ Moore hawezi kubeba kila kitu. Atabaki? Inategemea timu ngapi zitagombania makwotabeki mbele yetu. Zikichukua wanne, tunacheka, maana Odunze atasogea kwetu. Akiondoka, tubadilishane na timu iliyo nyuma yetu, tushuke nafasi chache tupate chaguo la ziada, na hapo ndipo huyo mkimbizaji wako anaingia. Upande wa ulinzi ulio mkabala na Sweat kweli unavuja.