Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kampuni ya programu

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama kazi uliyopewa na kampuni ya programu yenye wateja huko California, utakayoifanya ukiwa nyumbani, ni njema kama inavyosifiwa. Sifa zake nyingi ni za kweli: wafanyakazi hupenda kujipangia kazi, kujifunza kutoka kwa wenzao, na kulipwa mwaka mzima, jambo ambalo hapa mjini, watalii wakishaondoka, si wote hulipata.

Manung'uniko yao makubwa ni saa. Mkutano wa saa nne asubuhi huko California huangukia saa mbili au saa tatu usiku kwetu, wakati watu wameketi kula, na hitilafu ya mtambo haichagui Idi wala arusi ya jirani. Uliza kwa maandishi ni nani hushika zamu ya usiku na hulipwaje; meneja akikujibu kwamba "sisi hapa ni familia moja", muulize tena.

Hisa ulizoahidiwa usizihesabu kama mshahara, kwani kwa desturi hutolewa kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya kutimiza mwaka hutoka mikono mitupu.

Kuhusu likizo, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo kila mwaka, hata mkataba ukinyamaza. Lakini ukiandikwa kuwa mkandarasi wa kujitegemea, kinga hiyo huna. Kwa hivyo kifungu cha mkataba kinachosema kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi ndicho cha kusoma kwanza.