Barua kwa mwanangu: Binti bado yuko njiani

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza kama uiache ile riwaya ya fantasia, maana umeshavuka nusu yake na yule binti mwenye kipaji cha kusikia sauti za wafu bado anatembea tu. Anavuka mito, analala kwenye nyumba za watu asiowajua, anajifunza majina ya mitishamba. Vita iliyotangazwa kwenye jalada haijaonekana. Tena unajishuku, eti simu imekumalizia uvumilivu.

Simu inaweza kuwa na mkono wake, lakini tukikague kwanza kitabu chenyewe. Kipo kitabu kinachokwenda polepole na kipo kilichokwama, na ukiwa katikati ya safari ni vigumu kuvitofautisha. Rudi kwenye sura mbili ulizosoma mwisho. Binti aliingia akiamini nini, akatoka akiamini nini? Kipaji chake kimemgharimu chochote: usingizi, rafiki, imani ya mama yake? Ukipata jibu, hata dogo, endelea. Ila kama kila kikwazo kinayeyuka akinyoosha mkono tu, na wazee wa kila kijiji wanabaki kumstaajabia, kifunge bila haya. Mimi binti anayesifiwa kila ukurasa hunichosha kuliko anayetembea kila ukurasa.

Wakati mwingine mwendo huo wa taratibu ndio unaoibeba hadithi. Ursula K. Le Guin alichapisha The Tombs of Atuan mwaka 1971. Msichana Tenar anachukuliwa kwao akiwa mdogo, ananyang'anywa hata jina, anafanywa kuhani wa makaburi. Mchawi Ged, shujaa wa kitabu kilichotangulia, haonekani mpaka sura ya tano. Kabla ya hapo tunashinda na Tenar chini ya ardhi, mahali ambapo taa ni mwiko, akipapasa kuta na kukariri njia. Hakuna pigano la upanga wala joka. Halafu siku moja anakuta mwanga mle ndani. Msomaji aliyevumilia giza lile anashtuka pamoja naye, anahisi kabisa kwamba mwiko umevunjwa. Aliyeruka kurasa ataona mtu ameshika fimbo inayong'aa, basi.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la pili, kama uruke moja kwa moja hadi vitani: nasaba za wafalme ziruke, mimi huziruka bila kuomba radhi. Majina ya falme yakikuchanganya yaache yapite. Lenye kazi litarudi. Lakini usiisome safari vipande vipande, kurasa mbili kwenye foleni na tatu kabla ya kulala. Ipe sura nzima kwa mkao mmoja, la sivyo kila mto utauona ni ule ule.

Na mazungumzo yake na yule mwalimu mzee usiyaguse kwa kuruka. Mimi nilikisoma kabla yako, na simwamini mzee yule tangu binti alipomuuliza wanafunzi wake wa zamani walikwenda wapi, naye akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Wewe ulimwonaje pale? Niandikie kabla hujafika kwenye daraja.

Mama yako